Mpaka wa Tunduma na Vyuo Vikuu Vyetu

(Mazungumzo yaliyotolewa mjini Tunduma mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha huduma kwa pamoja katika mpaka wetu wa Tunduma na Nakonde. Shabaha yake ni kwamba ofisa wa forodha wa Tanzania na mwenzake wa Zambia wafanye kazi chini ya paa moja, na dereva amalize shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Sisemi kwamba msururu wa malori umekwisha. Ninyi wakazi wa hapa mnaujua kuliko mimi. Lakini ikiwa shaba na mafuta vimetafutiwa njia, yafaa tujiulize mwanafunzi wa chuo kikuu ametafutiwa njia gani.

Mpaka huu haukuwekwa na wenyeji. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliwagawa Wanyamwanga, ndugu wa ukoo mmoja wakawa raia wa tawala mbili. Hata hivyo, watu hawakuacha kuoana, kuzikana na kuuziana mahindi. Mtoto anayekulia Tunduma husikia Kinyamwanga, Kinyiha na Kibemba kabla hajajua kusoma. Huyu ndiye tunayemchukua, tukampeleka chuo kikuu, na huko akafundishwa kana kwamba elimu hiyo ya sokoni si elimu.

Naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, chumba cha jirani yangu bwenini alikaa kijana kutoka Zambia. Sote tulimwita "Mzambia," basi, kama kwamba hakuwa na jina. Tulisalimiana, tukazungumza habari za mpira na mitihani, na wakati wa chakula mara nyingi alikaa peke yake. Mwaka wa pili ulikuwa unakaribia kwisha nilipomsikia akizungumza na mama yake kwa simu. Nilielewa kila neno. Ilikuwa lugha ya bibi yangu! Tulikuwa tumetengwa na ukuta wa matofali kwa karibu miaka miwili, na hapakuwa na somo, mhadhara wala mkutano hata mmoja uliotulazimisha kuulizana tunatoka wapi. Chuo kile kilimpa kitanda na kikamsahihishia mitihani. Kumjua tuliachiwa bahati.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka 1963 kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake, masomo makubwa yaligawanywa kati ya vyuo vitatu. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Kijana wa Moshi alilazimika kuishi Kampala, na Mganda akaishi Dar es Salaam. Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake: mataifa machanga yalihitaji wataalamu wengi na kwa haraka. Lakini ulazima ule wa kuvuka mpaka ili kusoma ulikwenda nao, na hatukuweka kitu mahali pake.

Au tuseme tulikiweka katika karatasi. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyotiwa sahihi mwaka 1997, inataka vyuo vikuu vya nchi wanachama vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine za jumuiya. Tanzania na Zambia zote ni wanachama. Ni walimu wangapi katika ukumbi huu waliopata kumweleza mwanafunzi wa kidato cha sita habari hiyo?

Wako watakaosema kwamba haya ni anasa, kwa kuwa hata watoto wetu wenyewe hawapati vitanda wala mikopo ya kutosha. Hoja hii ni nzito, wala siidharau. Lakini sehemu kubwa ya ninalolisema haihitaji jengo jipya. Wapo wengine wanaodhani kazi imekwisha kwa sababu SADC iliifanya Kiswahili lugha yake rasmi mwaka 2019. Nilifurahi siku ile kama kila Mtanzania. Lakini ikiwa sisi tutafundisha Kiswahili tu, na tusijifunze Kibemba wala Kinyanja, hayo hayatakuwa mazungumzo. Itakuwa hotuba, kama hii yangu.

Ng'ambo ya mpaka, Chinsali, katika Mkoa wa Muchinga ambao Nakonde imo ndani yake, kiko Chuo Kikuu cha Kapasa Makasa. Upande wetu, Mbeya, kiko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Vyuo hivi viwili vichague wanafunzi kumi kila kimoja, viwalete Tunduma na Nakonde wakati wa likizo, wapangwe wawiliwawili, Mtanzania na Mzambia, walale katika nyumba za wenyeji. Waandike pamoja habari za soko, za maji, za ndoa za mpakani na za bei ya mahindi, na kazi hiyo isahihishwe na walimu wa pande zote mbili, ihesabiwe katika shahada zao. Shule za sekondari za mji huu zina madarasa yaliyo wazi wakati wa likizo. Ndugu wakuu wa shule mliopo hapa, ningependa kusikia kutoka kwenu, kabla hatujatawanyika, ni nani yuko tayari kutoa mawili.