Dawa ya Siku Tano, Mafua ya Miezi Minne: Matumizi Salama ya Dawa za Kupuliza Puani

Mada kwa watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu na famasi, Sumbawanga



Mji wetu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Agosti anayefungua duka asubuhi hufungua akiwa na koti, na mteja wa kwanza mara nyingi anaongea kwa pua iliyobana. Baridi ikilegea, upepo unashika zamu: mashamba yamekwisha kuvunwa, barabara za vijijini zimekauka, vumbi linapanda mpaka mvua za Novemba. Na mwaka mzima kuna moshi wa kuni, kwa sababu jikoni ndiko kwenye joto na watoto hulala karibu na moto. Pua ya mtu wa Ufipa haipati likizo ndefu.

Sasa weka chupa ya dawa ya kupuliza puani mbele ya hali hiyo. Dawa yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya siku chache. Kinachoziba pua kinakaa miezi. Madhara mengi ninayokusudia kuyazungumzia leo hayatokani na ukali wa dawa, yanatokana na pengo hilo. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote yanalizunguka: chupa isivuke kaunta kabla siku ya kuiacha haijaandikwa juu yake.

Kinachozibwa na kinachozibuliwa

Wateja wengi huamini pua imeziba kwa kamasi. Ndiyo maana hupenga mpaka damu itoke, na bado hewa haipiti. Ukweli ni kwamba ndani ya kila tundu kuna vinyama vilivyojikunja, vyenye mishipa mingi ya damu, ambavyo kazi yake ni kuipasha hewa joto na kuipa unyevu kabla haijafika mapafuni. Ukipata mafua au mzio, mishipa hiyo hutanuka, vinyama vinavimba, njia inakuwa nyembamba. Dawa tunayoizungumzia haiondoi kamasi wala haiui kirusi. Inabana mishipa, uvimbe unapungua, hewa inapita. Basi.

Zailometazolini na oksimetazolini, ambazo ndizo nyingi katika chupa za kupuliza, huanza kazi ndani ya dakika chache na zinaweza kudumu hadi saa 10 au 12. Efedrini na fenilefrini za puani hudumu muda mfupi zaidi. Hizi si dawa za jana. Efedrini ilitengwa kutoka kwenye mmea na Mjapani Nagai Nagayoshi mwaka 1885, na oksimetazolini ilitoka kwenye maabara ya Kijerumani mwaka 1961. Tatizo lake nalo si la jana: tangu miaka ya 1930 madaktari walikwishaandika kuhusu wagonjwa ambao pua zao zilizidi kuziba kadiri walivyoendelea kuzizibua.

Inakuwaje? Mishipa iliyobanwa kwa siku nyingi huizoea dawa. Nguvu ya dawa ikiisha, mishipa inatanuka kupita ilivyokuwa mwanzo, na uvimbe unarudi. Mtu hajui kwamba huo ni uvimbe wa dawa. Anadhani mafua yamekuwa sugu. Anapuliza tena. Alikuwa akipuliza asubuhi na jioni, sasa ni kila baada ya saa tatu, na usiku chupa iko chini ya mto. Akirudi dukani anaisifu dawa: "Bila hii silali." Ndugu zangu, sifa hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Karatasi za ndani ya boksi hazifanani. Nyingine zinasema siku tatu, nyingine tano, nyingine saba. Napendekeza sisi tulioko hapa tukubaliane siku tano ndizo mwisho kwa mtu mzima, na lebo ikisema tatu tufuate tatu. Tukiwa na kauli moja, mteja hatahama kutoka duka hadi duka akitafuta anayemruhusu zaidi. Tarehe iandikwe kwa kalamu kwenye chupa, kwa sababu boksi hutupwa. Usiandike "siku 5". Andika siku yenyewe: "Mwisho Jumamosi".

Swali la kwanza kaunta

Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuufuata. Tofauti yake na lile duka la dawa baridi la zamani ilikusudiwa kuwa mtu aliye nyuma ya kaunta: awe amefundishwa, na aulize kabla ya kuuza. Ukanda huu una desturi ndefu ya watu wasio madaktari kamili kubeba kazi ya tiba kwa uangalifu mkubwa. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya hapa mjini inayobeba jina lake wengi wenu mnaifahamu.

Basi tuulize. Na swali la kwanza lisiwe "unataka ipi?" Liwe "pua imeziba tangu lini, na umekwisha kutumia nini?" Akijibu kwamba ni jana au juzi, mazungumzo yanaendelea. Akijibu kwamba ni tangu wakati wa kuvuna mahindi, dawa hii si yake, hata kama ameishika pesa mkononi. Huyo ana mzio, au moshi, au amekwisha kukwama na chupa nyingine.

Swali la pili ni presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijijua. Dawa inayobana mishipa ya pua inaweza kufyonzwa na kubana mishipa mingine, hasa mtu akipuliza kupita kiasi. Mwenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo, kisukari, rovu linalokwenda na mapigo ya moyo ya haraka, presha ya macho, au mzee anayepata shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume, asiuziwe kabla hajashauriana na daktari. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile. Anayetumia dawa za sonona aulizwe jina la dawa, kwa kuwa ziko aina ambazo haziendi pamoja na hizi kabisa.

Hapa niseme neno kuhusu vidonge vya mafua. Vingi huchanganya parasetamoli, klorofeniramini na fenilefrini. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo cha kawaida, haizibui pua. Fenilefrini ya puani ni habari nyingine. Lakini mteja anayekunywa vidonge hivyo na kupuliza dawa juu yake anajiongezea dawa za jamii moja bila faida ya maana, na sisi tunamuuzia vyote viwili kwa furaha.

Watoto

Hapa sitapita haraka. Chupa ya zailometazolini ya mtu mzima ina nguvu ya asilimia 0.1. Ya mtoto ni asilimia 0.05, na kwa chini ya miaka sita nashauri tusiuze kabisa bila maagizo ya daktari. Matone machache yaliyozidi, au mtoto akiinyonya chupa aliyoikuta kitandani, yanaweza kumlegeza, kumtia usingizi mzito, kupunguza mapigo ya moyo na hata pumzi. Mtoto wa namna hiyo hasubiriwi aamke. Anapelekwa hospitali na chupa inakwenda naye.

Kichanga hupumua zaidi kwa pua, na ikiziba ananyonya kwa shida. Huyu anahitaji matone ya maji ya chumvi, kisha kamasi itolewe taratibu kabla ya kunyonya. Ya dukani yaliyo safi ndiyo bora kwa kichanga. Kwa mkubwa anayetaka kusafisha pua nyumbani, ni robo lita ya maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kisichojaa. Maji yachemke kweli, dakika tatu baada ya kuanza kutokota, maana huku juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100; kisha yapoe na yatumike siku hiyohiyo.

Mama akisema mtoto "amebanwa", msikubali haraka kwamba ni pua. Mfunue kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi chini ya mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano: huyo anakwenda kituo cha afya sasa hivi. Kadhalika mtoto anayetoka usaha wenye harufu kwenye tundu moja tu. Mara nyingi ameingiza punje ya hindi au haragwe. Msimpulizie chochote wala kumsafisha kwa maji. Haragwe likilowa linavimba.

Namna ya kupuliza

Wengi huinua uso juu kama wanaotazama dari, wanasukuma chupa mpaka mwisho, wanavuta kwa nguvu, kisha wanalalamika dawa ni chungu. Ni chungu kwa sababu wameimeza. Kwanza upenge taratibu. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto la kulia. Kwa njia hiyo ncha inaelekea upande wa sikio na kuukwepa ukuta wa katikati, ambao ukipigwa kila siku hukauka na kutoa damu. Vuta pumzi kidogo tu. Matone, tofauti na ya kupuliza, huwekwa mtu akiwa amelala. Ncha ifutwe, na chupa moja iwe ya mtu mmoja. Najua chupa ya nyumba nzima ni jambo la kawaida kwetu, lakini mafua hupita hapohapo.

Kuna matumizi mamoja ya halali ambayo vitabu vya mbali havitawatajia kwa jina. Anayeteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, au anayeshuka Kasanga ziwani, anapoteza kimo cha karibu mita elfu moja kwa muda mfupi. Mwenye mafua masikio yanamuuma vibaya. Mpulizo mmoja nusu saa kabla ya mteremko unaweza kumsaidia mtu mzima asiye na vizuizi nilivyotaja. Pipi ya kunyonya nayo husaidia, na ni rahisi zaidi.

Aliyekwisha kukwama

Msimkaripie. Hakuwa mlevi wa kitu. Alikuwa anatafuta usingizi. Njia mojawapo ni kuacha tundu moja kwanza: anaendelea kupuliza la kulia usiku tu, la kushoto analiacha likasirike, na kulisafisha kwa maji ya chumvi. La kushoto likifunguka, baada ya wiki moja au zaidi, anaacha na la kulia. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya steroidi ya kupuliza imsaidie kipindi hicho. Hiyo haifanyi kazi kwa dakika tano, na asipoelezwa ataitupa siku ya pili. Mwambieni kabisa kwamba usiku wa kwanza utakuwa mbaya. Mwenye tundu moja lililoziba daima, anayetoka damu mara kwa mara, au mwenye maumivu ya uso na homa, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Jambo la kujadili

Nimeliacha mwisho kwa kuwa sina hakika mtakubaliana nami. Mteja anatoka kijiji cha mbali Kalambo. Nauli ni kubwa, anataka chupa nne za kuwapelekea watu wa nyumbani. Ukimnyima, atanunua kwa jirani yako. Mimi ningemuuzia moja yenye tarehe, nimwandikie karatasi ya maji ya chumvi, na nimuulize jikoni kwake moshi unatokea wapi. Mwenzangu mmoja anasema huko ni kumfukuza mteja. Naomba tuanzie hapo.