Picha ya Daraja Isiwe Bubu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Moshi)



Mji huu tunaouona ulizaliwa na reli. Makao ya zamani yalikuwa juu mlimani, Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli mwaka 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikomea huku tambarare, na mji ukaifuata.

Mambo ya enzi hiyo twayaona katika picha za wageni. Walther Dobbertin alizunguka koloni na kamera yake. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, Koblenz. Wamisionari wa Leipzig nao walipiga picha Machame, Mamba na Old Moshi. Kazi hiyo ina manufaa. Hata hivyo, mara nyingi Mzungu hutajwa kwa jina, na waliobeba mawe huitwa "wenyeji" basi.

Je, sisi tumefanya vizuri zaidi? Barabara ya kwenda Arusha huvuka Karanga, Weruweru na Kikafu. Huko migombani yako madaraja madogo yasiyohesabika. Ndiyo yanayoamua kama wakati wa masika mtoto atafika shuleni, mgonjwa atafika hospitali, na kahawa itafika chamani. Lakini picha tunazoweka katika majalada ni za mgeni rasmi akikata utepe. Fundi aliyepanga mawe hayumo, wala kivuko cha magogo kilichotangulia.

Hasara yake si ya kumbukumbu tu. Picha ya mto uliofurika, ikiwa na tarehe, humwonyesha mhandisi maji yalipanda hadi wapi kwenye nguzo. Ikikosa tarehe, haimwambii kitu cha kutegemea.

Siku hizi karibu kila mtumishi ana simu yenye kamera. Picha ni tele, maelezo ni haba. Treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019, wengi walipiga picha. Ni wangapi walioandika chochote?

Kwa hiyo naomba kila picha iandikwe mambo manne: mahali, tarehe, waliojenga, na hali ilivyokuwa kabla. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wakaulize. Watumishi watunze nakala ofisini. Wajukuu zetu wasilazimike kwenda Koblenz kuuliza babu zao walivukaje Karanga.