Hailipuki Kirahisi, Lakini Inaua

Wanakemia waliichoka diazomethani, gesi ya manjano inayoweza kulipuka kwa mkwaruzo wa kioo chenye kingo kali. Wakaifungia kundi lenye silikoni, ikazaliwa trimethilisililidiazomethani: kimiminika cha manjano kinachouzwa kikiwa kimeyeyushwa katika hekseni au etha. Ukiichanganya na methanoli, hugeuza asidi kuwa esta. Mapovu ya naitrojeni yakionekana, ujue kazi inaendelea.

Hapo ndipo watu walipojisahau. Hailipuki kirahisi, basi ikaitwa salama, kana kwamba mlipuko ndio hatari pekee. Mwaka 2008 wanakemia wawili, mmoja Kanada na mwenzake Marekani, walifariki baada ya kuitumia. Huko Kanada, kabati la kufyonza mvuke halikuwa likivuta hewa, kwani lilikuwa limezimwa, mafundi wakifanya kazi juu ya paa.

Ujanja wa sumu hii ni kuchelewa. Mtu huivuta mchana, akarudi nyumbani na kikohozi tu, na saa kadhaa baadaye mapafu yanajaa maji. Kwa hiyo aliyeivuta aende hospitali mara moja, hata akijiona mzima. Na kabati likizimwa, chupa isifunguliwe, bosi atasubiri.