Mkutano wa Hamburg na Sakafu ya Kituo

Mlisikia katika taarifa ya habari kwamba huko Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani ambao reli yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1912, walikutana mwaka 2025 wajumbe wa mataifa mengi katika mkutano na maonyesho ya usafiri wa umma, yaliyoandaliwa na UITP, jumuiya iliyoasisiwa Brussels mwaka 1885, zama za tramu zikokotwazo na farasi. Mabasi ya umeme yanavutia macho, wala simlaumu ayastaajabiaye. Lakini moyo wangu umeelekea jambo dogo zaidi, nalo ni sakafu ya kituo kulingana na sakafu ya basi. Pale Kimara, Dar es Salaam, tangu mwaka 2016, bi kizee mwenye mkongojo, aliyekuwa akitaabika kukwea daladala, huvuka hatua moja tu akaingia basi la mwendokasi pasina kushikwa mkono, ijapokuwa huenda asipate pa kukaa, kwani mara nyingi mabasi yamekuwa haba na foleni za alfajiri ndefu mno. Na kwa kuwa sakafu hiyo haina faida basi lisipokuja, enyi wajumbe wa miji yetu, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa mabasi, ulizeni kwanza: gari hili likiharibika, vipuri vyake vitatoka wapi, na baada ya siku ngapi?