Kwa Daktari wa Paka, Bei Iko Wapi?

Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya hapa Uingereza, CMA, ilitoa mwaka 2025 mapendekezo yake ya awali kuhusu madaktari wa wanyama, na tangu hapo simu za wasikilizaji wa kituo hiki hazijatulia. Wengi mnauliza: tuendelee na ule mpango wa kliniki wa kila mwezi, au tukate bima? Ni swali la haki, na tutalijibu. Lakini lipo swali linalolitangulia, nalo ndilo linalotukera sisi hapa kituoni. Bei iko wapi?

Mnadani Darajani, kule Unguja, changu hupandishwa bei kwa sauti mbele ya watu wote. Hata asiye na senti mfukoni anaondoka akijua changu wa leo kaenda kwa ngapi. Kinyozi wa mtaani kwetu hapa amebandika bei zake mlangoni, ya mkubwa na ya mtoto. Kwa daktari wa paka unapewa karatasi yenye rangi nzuri, unapewa kalamu, unatoa namba ya akaunti, na kuanzia hapo benki inakata kila mwezi. Kilichomo ndani ya karatasi, kimoja kimoja, kinauzwa kiasi gani? Bei iko wapi?

CMA wenyewe wanasema ada za matibabu ya wanyama zilipanda kwa asilimia 63 kati ya mwaka 2016 na 2023, zikaupita mbali mfumuko wa bei. Asilimia 63. Nani kati yetu, sisi tunaobeba boksi, tunaoamka saa kumi alfajiri kwenda kuwaosha wazee wa watu, ameongezewa mshahara kwa kiwango hicho?

Sasa hilo la mpango na bima. Mpango wa kila mwezi si bima. Tunarudia, kwa sababu kila wiki tunampata msikilizaji anayedhani ni kitu kimoja: mpango wa kila mwezi si bima. Mpango unalipia yale ambayo yako kwenye kalenda tayari: chanjo ya mwaka, dawa ya viroboto, dawa ya minyoo, uchunguzi mara moja au mbili kwa mwaka, pengine kukata kucha, na punguzo kidogo kwa mengine. Ungevinunua hata hivyo. Umeruhusiwa tu kuvilipia kidogo kidogo. Hakuna ubaya. Kwa mama mwenye mtoto wa paka na mshahara wa wiki, kugawanya malipo ni nafuu ya kweli, na hatutamkataza.

Bima inalipia yale ambayo hayamo kwenye kalenda. Mguu uliovunjika barabarani, uvimbe tumboni, kisukari. Nayo haigusi chanjo, haigusi viroboto, haigusi kuhasi. Kwa hiyo anayeuliza kipi bora kati ya hivi viwili anashindanisha mchele na mkaa. Mchele peke yake hauivi.

Nitasema langu. Tulikuwa na paka dume, mweusi, tukimwita Mwinyi. Tulimwandikisha kwenye mpango siku ile ile tuliyompeleka kliniki mara ya kwanza, pauni 17 kwa mwezi. Pale mezani tuliambiwa huo ni mpango kamili, na neno hilo, kamili, tulilibeba hadi nyumbani kama hirizi. Hatukukata bima. Ya nini, na mpango ni kamili?

Jumamosi moja usiku Mwinyi akawa anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, hatoi kitu. Anatoka, anarudi. Mara ya nne akaanza kulia. Kwa paka dume hilo si jambo la kusubiri Jumatatu: njia ya mkojo ikiziba, sumu inarudi kwenye damu, moyo unaweza kusimama, na siku moja au mbili zinatosha kummaliza. Mlio nao nyumbani, likumbukeni hili hata mkisahau mengine yote tunayosema leo. Tukapiga simu kliniki. Ikajibu mashine, ikatupa namba ya hospitali ya usiku, mji wa pili, kampuni nyingine kabisa. Kule nikaonyesha kadi ya mpango wetu. Msichana wa mapokezi aliitazama kwa huruma akasema, hii ni ya chanjo na viroboto.

Nikauliza, basi itakuwa kiasi gani? Akasema itategemea.

Walimwekea mpira wa mkojo, wakamtundikia dripu, akalala siku mbili. Alipona, alhamdulillahi. Bili ilipita pauni 1,900, na nililipa kwa awamu miezi kumi na moja. Waliomtibu sina neno nao, walifanya kazi yao vizuri. Neno langu ni na ile meza ya siku ya kwanza, ambako hakuna aliyeniambia kwamba usiku hatumo, kwamba ugonjwa wa ghafla hatumo, kwamba hospitali nyingine hatumo. Baadaye nilitaka kujua kama hata zile pauni 204 za mwaka zilikuwa na faida. Nilipiga simu mara tatu kabla ya kupewa bei ya chanjo peke yake. Mara tatu, kwa bei ya sindano moja!

Msidhani ni bahati mbaya yangu tu. Sheria inayosimamia kazi ya madaktari wa wanyama ni ya mwaka 1966. Zama zile daktari alikuwa ndiye mwenye kliniki, ukimbana yeye umebana kila kitu, kwa hiyo sheria ikamshika daktari kama mtu. Kampuni haikuishika, maana kampuni haikuwepo. Mwaka 1999 mlango ukafunguliwa kwa wasio madaktari kumiliki kliniki. Mwaka 2013 makundi makubwa ya kampuni yalikuwa na kama asilimia 10 ya kliniki. Leo makundi sita yana karibu asilimia 60, na nyingi zimebaki na jina lile lile la zamani mlangoni. Unadhani umeihama kliniki ghali, kumbe umevuka barabara kwenda kwa mwenye mali yule yule. Daktari ana chombo cha kumwajibisha. Kampuni inayompangia ada, je?

Wala bima si malaika. Ugonjwa uliojulikana kabla ya siku ya kukata bima kwa kawaida haulipiwi. Ukihama kampuni, maradhi ya jana kwa kawaida yanahesabika kuwa ya zamani, kwa hiyo anayehamahama kila mwaka kufuata ada ndogo anamwacha mnyama wake wazi. Kuna kiasi unachotoa mwenyewe kwanza kwa kila ugonjwa, na mnyama akizeeka kampuni nyingi zinakutaka ubebe na sehemu ya bili. Ziko bima zinazolipia ajali tu. Ziko zinazolipia ugonjwa kwa miezi 12 kisha zinaufunga moja kwa moja, na kisukari cha paka hakijui miezi 12. Iko ya maisha yote, ambayo kikomo chake kinaanza upya kila mwaka unaporudia mkataba, nayo ndiyo ghali. Hata hivyo bima ina jambo moja ambalo ni kubwa: wakikunyima haki yako, unaweza kuwashtaki kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha, Financial Ombudsman, bila kulipa hata peni. Na kikomo cha malipo kimeandikwa kwenye mkataba kwa tarakimu.

Jibu letu basi ni hili. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, anza na bima, ya maisha yote ukiweza, mnyama angali mdogo na hana historia. Chanjo unaweza kuiwekea akiba kwenye kopo la maziwa jikoni. Bili ya pauni 1,900 kopo haliiwezi. Mpango uje baadaye, na uje tu ukishapewa bei ya kila kilichomo, ukajumlisha, ukaona unaokoa. Usipopewa bei, usitie saini. Na wale mnaopokea msaada wa serikali wa Universal Credit, ulizieni PDSA kabla ya kukopa kwa mtu. Shirika hilo lilianza mwaka 1917 kule Whitechapel, Maria Dickin alipowafungulia mlango maskini wa mashariki ya London wawalete wanyama wao watibiwe bure. Halijafungwa.

Mapendekezo ya CMA ya mwaka 2025 tunayaunga mkono. Orodha ya bei ibandikwe. Mwenye mali ajulikane. Matibabu yanayozidi pauni 500 yatolewe makadirio kwa maandishi kabla ya kuanza. Ada ya kuandikiwa cheti cha dawa, ili ukanunue kwingine kwa nafuu, isizidi pauni 16. Lakini hayo yalikuwa mapendekezo ya awali, ndugu zangu, na makundi sita yana mawakili. Sisi tuna nini? Sisi tuna risiti.

Zitoeni hizo risiti! Kesho kabla ya zamu, pigeni simu kwenye kliniki zenu. Ulizeni chanjo ni kiasi gani nje ya mpango. Ulizeni mwenye kliniki ni nani. Ulizeni mnyama akiugua saa nane za usiku anapelekwa wapi, na mlangoni pa huko mpango wenu unatambuliwa au hautambuliwi. Wakisema itategemea, waambieni waandike itategemea nini. Msione haya, msiseme sisi wageni. Pauni yako haina lafudhi! Kiingereza cha kuungaunga kinatosha. Mwambieni na jirani, mwambieni dada mpya wa kazini aliyechukua mtoto wa paka wiki iliyopita, kabla hajapewa ile kalamu. Na mezani ulizeni kwa sauti, foleni nzima isikie: bei iko wapi?