Mashine Ipi Kwanza? Mada kwa Vijana Watengeneza Gemu wa Karagwe na Kyerwa



Ukimuuliza kijana anayejifunza kutengeneza gemu hapa Kayanga au kule Nkwenda angependa kazi yake ichezwe wapi, mara nyingi atakujibu PlayStation. Simlaumu. Amekulia kwenye mabanda ya gemu, akilipia mechi moja moja na kugombea pedi. Lakini fedha ya banda humwendea mwenye televisheni na umeme. Mtengenezaji wa gemu haambulii kitu. Na ile PlayStation 2 iliyotufundisha wengi wetu kushika pedi, Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013.

Nianze na konsoli, maana ndipo penye vikwazo vingi. Sony, Nintendo na Microsoft hawaruhusu gemu kuingia kwenye mashine zao bila mkataba. Studio huomba, hupimwa, na ikikubaliwa hupewa mashine ya majaribio na programu zake kwa sharti la kutunza siri. Ndiyo maana Godot, injini ya bure ya kutengenezea gemu inayowafaa wanaoanza, haitoi gemu za konsoli moja kwa moja: msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na siri za watu haziwezi kuwekwa humo. Itakubidi umlipe fundi mwenye kibali akuhamishie.

Sisi wa huku tuna kikwazo kikubwa zaidi. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haisajili wateja wa Tanzania, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima, Sony wakalegeza sharti hilo ndani ya siku chache, ila orodha ya nchi ambazo huduma hiyo inasajili wateja ikabaki vilevile. Kwa hiyo ukiitengenezea PlayStation leo, jirani yako wa Omurushaka hana njia ya kuinunua kazi yako kwa akaunti ya nchi yake mwenyewe. Utakuwa umemtengenezea mtu wa Uingereza. Si dhambi, ila ujue hivyo kabla hujaanza.

Kompyuta ina unafuu. Kuingiza gemu kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, na mauzo yanakatwa asilimia 30. Kiro'o Games ya Kamerun ilipitia huko na Aurion mwaka 2016, gemu yenye hadithi ya Kiafrika, na baadaye ikatengeneza pia gemu za simu. Nairobi ilitangulia: Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi kwa kompyuta mwaka 2007, kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts, studio iliyoelekeza nguvu kwenye simu. Anayetaka kusimulia Bweranyange na ikulu ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861, anaweza kuifikiria kompyuta, kwa kuwa wanunuzi wake wengi watakuwa mbali na hapa.

Kwa studio changa ya wilaya zetu, msimamo wangu ni simu ya Android. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu, ilhali Apple hudai 99 kila mwaka. Ila msizipime kazi zenu kwa simu ya mwalimu wenu. Pimeni kwa Tecno au itel ya bei ya chini, kioo kimepasuka, nafasi imejaa picha za WhatsApp, bando limeisha tangu jana. Gemu ya megabaiti 500 kwenye simu hiyo haipo.

Na ifanye kazi bila mtandao. Kule Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa tableti kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170, zikichajiwa kwa jua na kufundisha kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, nyingine kwa kutumia michezo. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa Mei 2019. Watoto hao hawakuhitaji konsoli wala bando.

Kugumu ni kwenye malipo. Watu wetu watarushiana gemu simu kwa simu bila kupita dukani, na kuwazuia ni kupoteza muda. Acheni gemu yenyewe isambae bure, muuze kilichomo ndani: hatua mpya, wahusika wapya, kwa bei ndogo inayolipika kwa pesa za simu. Hapo kuna kazi ya ufundi na ya vibali, na ningependa kikundi kimoja kiichukue mchana huu.

Chagueni pia mchezo ambao watu wanaujua tayari. Ng'ambo ya mpaka wa Murongo, Kola Studios ya Uganda ilichukua karata za Matatu, mchezo wa vijiweni, ikauweka kwenye simu. Mchezaji hakuhitaji kufundishwa kanuni. Sisi tunalo bao.

Hatua za kulipia zitoeni malipo ya kahawa yanapoanza kuwafikia wakulima. Mkizitoa Februari, mifuko ikiwa mitupu, msije kusema soko halipo.