Siku ya Kwanza ya Mazoezi

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kuchagua mchezo wa kuigiza. Leo nataka kusema juu ya siku ya kwanza ya mazoezi, nami nitasimulia yaliyonipata hapa Geita, maana nilikosea, na kosa langu huenda likawafaa wengine.

Wengi wenu mwakumbuka habari za Nyangarata, wilayani Kahama, mwaka 2015. Duara lilititia mwezi wa Oktoba, na baada ya siku 41 watu watano wakatolewa wakiwa hai, nao walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura gizani. Mchezo wetu hauwaigizi watu hao. Mambo yao ni yao. Lakini habari ile ndiyo iliyonifanya niandike juu ya wachimbaji wanne walio chini ya ardhi, na wenzao walio juu.

Basi siku ya kwanza niliwagawia wachezaji karatasi. Karibu wote ni watu wa machimboni: huyu yuko kwenye karasha, yule anaosha mchanga, na mama mmoja auza chakula. Wakasoma kama watoto mbele ya mkaguzi. Bwana mmoja, niliyempa nafasi ya mchimbaji anayekufa, alisoma mistari michache, akaiweka karatasi chini. Akasema, "Mwalimu, mtu akiwa chini hasemi hivi. Maneno mengi yanamaliza hewa."

Nami nikamjibu vibaya. Nikamwambia huu ni mchezo, asome yaliyoandikwa. Akanyamaza. Tulipokuwa tukiondoka, yule mama akanivuta kando: "Mwalimu, hukuambiwa? Mdogo wake alifukiwa na kifusi."

Asubuhi nilikwenda kwake kabla hajatoka. Nikamwomba radhi, nikasema, "Kaka, ukitaka tuuache mchezo huu, tutauacha." Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Tusiuache. Lakini mimi sitakufa. Nipe kazi ya juu, nivute kamba."

Jioni hiyo karatasi zilibaki mfukoni mwangu. Yeye ndiye aliyefundisha. Alionyesha jinsi mtu anavyokanyaga ili asitelezee shimoni, jinsi mikono inavyopokezana kamba, na jinsi mtu wa juu anavyoinama mdomoni mwa duara, akaita, kisha akasikiliza. Kule kusikiliza! Hakuna aliyekohoa. Mtu wangu wa chini alikuwa na maneno ya kurasa mbili kabla ya kufa. Tukayapunguza hata yakabaki mistari mitatu. Mimi niliyeyaandika niliona uchungu, nakiri.

Njia hii si yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walifanya kazi ya namna hiyo kule Malya, wilayani Kwimba. Wanakijiji walizungumza kwanza juu ya matatizo yao, kama vile wasichana wa shule kupata mimba, na michezo ikatoka katika mazungumzo hayo.

Tena mjue watazamaji wenu ni akina nani. Katika Usukuma, Bagika na Bagalu wakishindana hucheza wakati mmoja, kila upande uwanjani mwake, na watu huhamia kunakowapendeza. Watu waliozoea hivyo hawatakaa kwa kukuonea haya. Wakimwona mchezaji anavuta kamba kama mtu anayeanua nguo, watacheka, na baadaye watakwenda zao. Hapa Geita mtazamaji wa mstari wa mbele huenda amevuta kamba asubuhi ile ile.

Mchezo wetu bado hatujauonyesha. Mwisho wake tunaugombania mpaka leo: vijana wataka wote wanne watolewe wakiwa hai, na yule bwana wa kamba hajasema neno.

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, kabla ya somo lijalo kaeni pamoja bila karatasi. Kila mmoja aonyeshe kwa mikono kazi anayoijua, na mwongozaji aulize faraghani kama kuna nafasi ambayo mtu hawezi kuicheza. Mara nyingine tutajifunza juu ya sauti. Kwaherini.